Jina la Dale kwenye Helmeti

Katika maisha yake yote ya ushabiki, Bernadette Jaworski alikosa mechi za nyumbani za Wahunzi, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wake, mara tatu tu: alipojifungua, alipomzika mumewe Ray, na Jumapili ile ya Oktoba mwaka elfu mbili na sita, maofisa wawili wa jeshi waliovaa glavu nyeupe waliposimama barazani kwake, hapo Erie, Pennsylvania, kumwambia kwamba mwanawe Dale hatarudi kutoka vitani Ramadi, Iraq. Jumapili hiyo alikuwa ameshavaa jezi. Aliwapokea akiwa nayo, akawapa kahawa akiwa nayo, na hakuivua mpaka Jumanne.

Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha injini za treni, akisuka nyaya za shaba ndani ya mota kubwa, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya fundi mwashi. Mdomo wake nao haukuwa laini. Kiwandani wanaume walimwogopa, si kwa sababu alipiga kelele, bali kwa sababu akikupachika jina la utani, utastaafu nalo. Yupo mwenzao aliyeitwa Supu miaka ishirini kwa kosa la mchana mmoja.

Baada ya Ray naye kufa, miaka michache baada ya Dale, Jumapili zake alizigawa na watu wawili. Mmoja alikuwa shemeji yake, Chet, mdogo wake Ray, fundi bomba, mtu wa sauti kubwa na machozi ya karibu. Wa pili alikuwa Curtis Tolliver, jirani wa nyumba ya tatu, aliyepeleka barua mtaani kwao mpaka magoti yakakataa. Curtis alipigana Vietnam akiwa na miaka kumi na tisa na hakupenda kuizungumzia. Saa tatu asubuhi watatu hao walikuwa tayari kwenye maegesho ya uwanja, nyuma ya pikapu ya Chet, soseji zikichomwa, Bernadette akikaanga pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya viazi, kwa vitunguu kwenye sufuria ya chuma, upepo wa ziwa ukiwapiga masikio. Walibishana mpaka saa saba, mechi ilipoanza, kisha wakaendelea kubishana ndani.

Ubishi wao mkubwa, mwaka baada ya mwaka, ulimhusu Lowell Yutzy.

Yutzy alikuwa mpigaji wa Wahunzi. Kazi yake ni ile ya kuitwa uwanjani mara nne au tano katika mechi nzima, aupige mpira upite kati ya nguzo mbili, kisha arudi benchi. Wenzake wanaumia, wanavuja damu, wanabebwa kwa machela. Yeye anatoka na suruali safi. Akipata, ndiyo kazi yake. Akikosa, mji mzima haulali. Alikuja Erie kijana mwembamba kutoka kwenye mashamba ya Wamenonite, Wakristo wasioshika silaha, huko Ohio, akakaa misimu kumi na mitatu, na Bernadette alivaa namba yake tangu msimu wa kwanza. Dale naye alikuwa mpigaji, shuleni. Bernadette alijua vile mpigaji anavyokaa peke yake mwisho wa benchi, akipiga mpira kwenye wavu wa mazoezi, hakuna anayemsemesha.

Chet alikuwa akimsifu Yutzy kupita kiasi. Lile teke la yadi hamsini na tatu kwenye theluji, lililowapeleka hatua ya mtoano, alilisimulia kila mwezi, na kila mara theluji ilizidi kina. Curtis alikuwa akimkosoa: mguu mzuri, lakini mpira wake unaanza chini mno, siku moja watamzuia. Bernadette aliwaambia wote wawili kwamba hawajui kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yao.

Kila Novemba klabu ilifanya sherehe ya kuwaenzi wanajeshi. Ndege za kivita zilipita juu, bendera kubwa kama uwanja ilitandazwa, na wachezaji walivaa kiraka cha jeshi kwenye helmeti. Kwa miaka kumi na miwili Yutzy hakukivaa kiraka hicho, na hakuna aliyegundua, kwa sababu nani anaitazama helmeti ya mpigaji. Kocha alijua na alinyamaza. Lakini msimu wa kumi na tatu klabu iliajiri mkuu mpya wa matangazo, na huyo akabuni jambo: kila mchezaji avae jina la askari mmoja wa mji huu aliyekufa vitani, na familia ya marehemu imchague mchezaji.

Bernadette alipopigiwa simu hakufikiri hata sekunde moja. Alimtaja Yutzy.

Siku nne baadaye, Jumanne mchana, Yutzy aligonga mlango wake. Alikuja peke yake, na gari la kawaida, ameshika chupa ya jamu ya tufaha iliyopikwa na mama yake. Bernadette alimwona kupitia kioo cha mlango na moyo ukamruka kama msichana. Alimkalisha jikoni. Alimtazama mikono, masikio, jinsi alivyokuwa mdogo kuliko anavyoonekana uwanjani. Kisha akaona kwamba kijana wa watu anahangaika na kitambaa cha meza, anakikunja na kukikunjua, na akajua kuna jambo.

Yutzy alimweleza polepole. Alisema ameona heshima kubwa kuchaguliwa. Alisema alikwenda maktaba akasoma habari za Dale kwenye magazeti ya zamani, hata mechi zake za shule. Lakini jina lile hawezi kulivaa siku ile, katika sherehe ile, ndege zikipita juu.

"Bi Jaworski, nipe siku nyingine yoyote," alisema. "Nitaliandika kwenye kiatu changu, nitalivaa msimu mzima. Nitakwenda nawe makaburini ukitaka. Lakini siku ile hapana. Kwetu tumelelewa kwamba vita ni dhambi, na sherehe yake siwezi kusimama ndani yake."

"Kwa hiyo mwanangu ni mwenye dhambi."

Mtu mwingine angedanganya. Yutzy hakuwa na ufundi huo.

"Tumefundishwa kwamba kumuua mtu vitani ni kumuua mtu," alisema. "Sisemi hivyo kumhukumu Dale."

Bernadette alisimama, akaichukua ile chupa ya jamu, akamrudishia mkononi, na kumfungulia mlango.

Alichokuwa hakijui Yutzy, wala Chet, wala Curtis, wala Ray aliyekwenda kaburini bila kukisikia, ni kwamba maneno yale yalikuwa yameshasemwa katika jiko lile lile, kwenye kiti kile kile. Ilikuwa Agosti, wiki tisa kabla ya maofisa wa glavu nyeupe. Dale alikuwa nyumbani kwa likizo ya wiki mbili. Asubuhi moja, Ray akiwa kazini, Bernadette alimkaangia mayai, na Dale akaanza kusema bila kuulizwa. Alimweleza habari za kizuizi cha barabarani, na gari lililochelewa kusimama. Ndani yake mlikuwa na mzee mmoja na vikapu vya nyanya, basi.

"Watu wote wanasema ni vita," Dale alisema. "Mimi naona nilimuua mtu, Mama. Nikifumba macho naona hivyo tu."

Kisha akasema kikosini kwao kuna jamaa aliyeandika barua ya kukataa kurudi. Wanamwita mwoga, na pengine atafungwa, lakini yuko hai na analala. Akamuuliza mama yake, huku anatazama sahani: akiandika barua kama hiyo, ataweza kukaa hapa?

Bernadette alijibu haraka, kama mtu anayezima moto wa sufuria kwa kifuniko. Alimwambia ameweka sahihi. Alimwambia baba yake hajawahi kuacha kazi katikati hata siku moja. "Maliza, urudi, halafu tutaongea." Dale alicheka kidogo, akasema sawa, akala mayai yote.

Kwa hiyo Yutzy alipoondoka siku ile, Bernadette hakumchukia kwa sababu amemtukana mwanawe. Alimchukia kwa sababu amesema kweli ya mwanawe kwa sauti ya mtu aliye hai, mwenye miaka thelathini na mitano, mwenye mke na watoto, ambaye mama yake bado anampikia jamu.

Habari ilivuja klabuni kabla ya wiki kwisha. Mwandishi mmoja wa habari alimpigia Bernadette Alhamisi, sauti ya upole, akasema hataki kumsumbua, anataka tu kujua anajisikiaje. Bernadette alikuwa anakunja nguo. Angeweza kusema hana la kusema. Badala yake mdomo ule wa kiwandani ukafunguka.

"Mwambieni Lowell Yutzy hivi," alisema. "Kama hii nchi ni chafu mno kwa miguu yake, arudi kwao akawapigie ng'ombe wa baba yake mpira. Ng'ombe hawana vita."

Kufikia kesho yake maneno hayo yalikuwa mahali kote. Redio za michezo zilipokea simu kuanzia alfajiri. Mmoja alisema Yutzy afukuzwe. Mwingine akasema mtu ana haki ya dini yake. Wa tatu akasema haki ya dini ipo kanisani, uwanjani kuna mshahara. Wa nne akapiga kutoka Arizona, ambako hajawahi kuiona theluji wala Wahunzi, akataka Yutzy afukuzwe nchini. Mtu alichora ng'ombe amevaa jezi namba nne, namba ya Yutzy. Ijumaa mchoro ulikuwa mitandaoni, Jumamosi ulikuwa kwenye fulana, Jumapili fulana zilijaa maegesho.

Chet alinunua tatu. Na hapo ubishi wao wa zamani ukageuka sumu, kwa sababu Chet alikuwa amegundua, kwa siku mbili tu, kwamba Yutzy hajawahi kuwa mpigaji mzuri.

"Yule ni mpigaji wa hali ya hewa nzuri," alisema, akigeuza soseji.

"Hali ya hewa nzuri Erie?" Curtis alimuuliza. "Umehamia lini Florida?"

"Lile la theluji lilikuwa bahati."

"Mwezi uliopita theluji ilikufika kiunoni na mpira ulipita kama risasi. Ulinisimulia mwenyewe, na machozi juu. Tangu lini mguu una dini, Chet?"

Chet alisema kuna mambo mtu wa heshima hayatetei. Alisema anashangaa zaidi kwamba askari wa zamani ndiye anayemtetea mwoga. Curtis aliweka kikombe chake chini, kando ya tairi, taratibu, kama mtu anayetaka mikono iwe mitupu.

"Mimi nilivaa yale magwanda," alisema. "Hakuna aliyeniuliza kama naamini au siamini. Huyu kijana ameulizwa akasema hapana. Sisemi amepatia. Nasema mimi sikujua kwamba hapana ipo."

Walimgeukia Bernadette. Alisema soseji zinaungua.

Bernadette alipelekwa katikati ya uwanja siku ile pamoja na familia nyingine kumi na moja. Walimpa maua. Watu elfu sitini walisimama kumpigia makofi, na kwenye televisheni kubwa walionyesha picha ya Dale akiwa na miaka kumi na minane, masikio yametoka. Jina lake lilivaliwa na beki mmoja mzito kutoka Georgia ambaye alimkumbatia Bernadette kwa adabu, na alipoinama, Bernadette aliona kwamba wameandika JAWORSKY. Ndege zilipita, kifua chake kikatetemeka, na alijaribu kuhisi kile alichokuja kukihisi, akakuta hakipo.

Kipindi cha kwanza kilipokaribia kwisha, Yutzy aliitwa. Yadi thelathini na moja, hakuna upepo. Alipoanza kutembea kuelekea katikati, sauti ilianza upande wa kaskazini, nzito, ya chini, na Bernadette mwanzoni hakuielewa. Kisha ikazunguka uwanja mzima na ikawa wazi. Watu walikuwa wakilia kama ng'ombe. Wazee, wasichana, baba na binti yake mabegani, watu elfu sitini wanalia muuu kwa pamoja. Chet, pembeni yake, alikuwa na mishipa imemtoka shingoni. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka, akamtambua, akamminya mkono kwa upendo na kumwambia, "Hii ni kwa ajili ya mwanao, mama."

Mpira ulipita kulia kwa nguzo. Watu walishangilia kukosa kwa timu yao wenyewe.

Alikosa tena wiki iliyofuata, na nyingine. Huko ugenini nako walijifunza mlio. Mtu aliyekuwa amepata mateke kumi na tisa mfululizo mwezi Septemba alifika Desemba hawezi kupata yadi ishirini na nane. Mlangoni kwake walimwaga maziwa, wiki nzima, mpaka baraza likanuka. Bintiye mkubwa, Naomi, mwenye miaka minane, walimlilia kama ng'ombe kwenye basi la shule. Wiki mbili kabla ya Krismasi klabu ilitoa taarifa ya mistari minne: wanamshukuru kwa mchango wake, wanachukua mwelekeo mpya. Hakuna timu nyingine iliyompigia simu.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya ugenini, na watatu hao waliitazama kwenye baa waliyoizoea, pale kona ya mtaa, ambako picha za wachezaji wakubwa wa Wahunzi zimetundikwa ukutani juu ya meza ya biliadi. Picha ya Yutzy ilikuwa ya mwisho kushoto: ile ya theluji, mguu juu, uso hauonekani. Chet alitaka iteremshwe. Mwenye baa alisema kwake ni sawa tu, lakini wazee waamue. Wakaanza. Curtis alitaja pointi zake zote, asilimia zake kwenye upepo wa ziwa, miaka kumi na mitatu bila kukosa mechi moja, na akasema ukuta ule una mtu aliyempiga mkewe na mtu aliyefungwa kwa dawa za kulevya, na wote wametulia pale hawasumbuliwi. Chet alisema hao walifanya makosa, na makosa ni ya kibinadamu. Yutzy hajakosea, Yutzy anaamini. Wengine kwenye baa walimuunga mkono. Kisha Chet akageuka na kusema lile lililokuwa likingojea.

"Aseme Bernie. Msiba ni wake. Akisema ikae, itakaa."

Mtu alipunguza sauti ya televisheni. Bernadette alitazama mikono yake, na alipoanza kusema hakuwa amepanga.

Aliwaambia habari za Agosti ile. Aliwasimulia mayai, kizuizi, mzee na nyanya zake. Aliwasimulia barua ambayo Dale alitaka kuiandika na swali alilouliza, na jibu alilopewa. Alisema yote kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza bia.

"Yutzy hakumtukana Dale," alimalizia. "Alisema alichosema Dale. Mimi ndiye niliyemrudisha kule, halafu nikamfanyia na huyu mwingine yale yale. Iacheni hiyo picha."

Alitazamia kulaumiwa. Pengine alikuja pale miaka yote akitafuta mtu wa kumlaumu. Lakini Chet alikuwa ameshasimama.

"Unamsingizia marehemu," alisema.

"Chet. Ni mwanangu."

"Nilimbeba yule mtoto kwenye mabega haya. Nilibeba na jeneza lake. Dale hakuwa hivyo. Umezeeka, shemeji, huyo Yutzy mwanakondoo amekuingia kichwani na sasa unamvalisha mtoto maneno yake." Alichukua koti. Mlangoni aligeuka, machozi yanamtoka waziwazi, na akasema, "Hata kama alisema. Hata kama. Hukuwa na haki ya kutuambia."

Hakuzungumza naye tena. Bernadette alirudi baa mara moja tu, Januari, kufuata skafu aliyoisahau. Picha ilikuwa imeshateremshwa na mahali pake walikuwa wametundika saa ya kampuni ya bia.

Mwezi Machi aliendesha gari kwa muda wa saa tatu mpaka shambani kwa wazazi wa Yutzy, Ohio, ambako Yutzy alikuwa amerudi na familia yake. Hakupiga simu kwanza, kwa sababu alijua akipiga atakubaliwa, na alitaka wawe na nafasi ya kumfungia mlango. Aliyefungua ni mke wa Yutzy, Rhoda, mwanamke mrefu mwenye unga mikononi. Alimtambua mara moja. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliacha mlango wazi na kwenda kumwita mumewe.

Yutzy alitoka zizini na buti za mpira. Alikuwa amenenepa kidogo. Bernadette alimwambia alichokuja kusema: kwamba alijua ukweli siku ile ile alipomrudishia jamu, na akasema alivyosema akijua. Alimsimulia habari zote za Dale, kama alivyosimulia baa. Yutzy alisikiliza akiwa amesimama.

"Nilishakusamehe, Bi Jaworski," alisema. "Nilikusamehe wiki ile ile."

"Haraka hivyo?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Alisema kwa wema kabisa, na Bernadette alihisi kama mtu aliyebeba mzigo maili nyingi kisha akaambiwa auache popote. Aliutaka ugumu. Alitaka mtu huyu, ambaye yeye Bernadette alimvunja, amwonyeshe mahali alipovunjika. Lakini Yutzy alikuwa mtulivu kama uwanja mtupu. Aliuliza jambo moja tu: teke refu kuliko yote alilolipiga Dale lilikuwa la yadi ngapi?

"Arobaini na mbili," Bernadette alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha."

Yutzy aliitikia kwa kichwa kama fundi anayepima kazi ya fundi mwenzake. "Kwa mvua, hiyo ni kazi," alisema, na kurudi kwa ng'ombe zake. Bernadette alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumuuliza habari za Dale ambazo hazikuhusu kufa kwake, na hakuweza.

Rhoda alimsindikiza mpaka kwenye gari. Hapo ndipo aliposema, akiwa amefumbata mikono ndani ya aproni.

"Yeye amekusamehe. Mimi bado. Naomi haingii zizini tena. Ng'ombe akilia anaziba masikio, na hapa wanalia mchana kutwa. Babu yake amempa ndama awe wake; hataki hata kumwona. Nilitaka ulijue hilo unaporudi kwako."

"Ahsante," Bernadette alisema, na alimaanisha. Katika siku ile yote, hilo ndilo neno lililomwingia.

Msimu mpya ulipoanza hakulipia tena kiti chake. Mlio wa ng'ombe ulibaki. Sasa wanamlilia kila mpigaji wa timu ngeni, na klabu imetengeneza katuni ya kuwaongoza. Watoto wanaokwenda uwanjani kwa mara ya kwanza wanadhani umekuwapo siku zote. Oktoba, ofisi ya matangazo ilimpigia kumwalika tena kwenye sherehe, na msichana mwenye sauti changamfu alitaka kujua mwaka huu angependa mchezaji gani. Bernadette alisema hatakuja. Msichana akauliza kama kuna sababu ambayo klabu inaweza kusaidia. Alifikiri kidogo, akasema hapana.

Jumapili anafua, anapika supu, anazima redio saa saba. Pikapu ya Chet hupita mtaani kwenda uwanjani na haipunguzi mwendo. Curtis bado anakwenda, anapanda basi na magoti yake mabaya, na jioni akirudi huingia kwa mlango wa nyuma, anavua kofia, anakaa. Bernadette humwekea bakuli. Hamuulizi mpaka Curtis ameshakula nusu.

"Wameshinda?"

"Wameshindwa. Kijana mpya amekosa mbili."

"Walimzomea?"

"Kidogo."

Bernadette huchukua bakuli, humwongezea supu, na hawazungumzi mpira tena.